Viwanda vya Ujerumani Mashariki: viliporwa au vilikuwa vimeshakufa?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nipo Chemnitz, mwaka wa pili wa mafunzo ya uuguzi. Wazee ninaowahudumia wananiambia huu ulikuwa mji wa viwanda, na kwamba Wajerumani wa Magharibi walikuja mwaka 1990 wakavipora na kuvifunga. Mkufunzi wangu, ambaye ametoka Magharibi, anasema vilikuwa vyuma chakavu, na kwamba wao ndio waliolipa gharama zote. Nani anasema kweli? Na kwa nini mpaka leo rafiki yangu aliyeko Stuttgart anaonekana kama yuko nchi nyingine, tajiri kuliko hii yangu?"

Jibu: Marahaba, binti yangu. Mkufunzi wako hajakosea kuhusu mashine, na wazee wako wana hoja kuhusu namna mauzo yalivyofanyika. Lakini wote wameliruka jambo lililoua viwanda vingi kuliko uchakavu na kuliko uporaji: kiwango cha kubadilishia fedha. Nitaanza nalo, maana bila kulielewa hayo mengine yanabaki ubishi wa kijiweni.

Ukuta wa Berlin ulifunguliwa tarehe 9 Novemba 1989, na watu hawakuwangoja wanasiasa. Mwanzoni mwa 1990 watu kama 2,000 kwa siku walikuwa wanahamia Magharibi, wengi wao vijana na mafundi. Kwenye maandamano waliobaki walibeba mabango yenye ujumbe uliopangwa kwa vina: ikija D-Mark, yaani sarafu ya Magharibi, tunakaa, isipokuja tunaifuata. Tarehe 6 Februari gavana wa benki kuu ya Magharibi, Karl Otto Pöhl, alikuwa Berlin Mashariki akisema kwamba kuunganisha sarafu ni mapema mno. Siku hiyohiyo Kansela Helmut Kohl akatangaza kwamba sarafu zitaunganishwa. Pöhl aliachia ngazi mwaka uliofuata, na sidhani kuna aliyeshangaa.

Ubishi ukahamia kwenye kiwango. Benki kuu ilipendekeza mark mbili za Mashariki kwa D-Mark moja, mishahara ikiwamo. Habari zilipovuja, mwezi Aprili watu wakamwagika barabarani kudai moja kwa moja. Uchaguzi wa Mashariki ulikuwa umeshapita, lakini ule wa Ujerumani iliyoungana ulikuwa mlangoni, na Kohl alijua kuhesabu kura. Mkataba wa tarehe 18 Mei ukapitisha kwamba mishahara, pensheni na pango zibadilishwe mark moja kwa D-Mark moja. Akiba za benki nazo moja kwa moja, lakini kwa kikomo cha umri: 2,000 kwa watoto, 4,000 kwa watu wazima, 6,000 kwa waliofikisha miaka 60. Kilichozidi hapo, pamoja na madeni, mbili kwa moja. Kwa hiyo wazee wawili, mke na mume, wenye 20,000 benki, walibadilishiwa 12,000 bila kupungua na 8,000 zilizobaki zikawa 4,000. Jumla D-Mark 16,000, fedha halali ya Magharibi, kwa watu ambao mwaka mmoja nyuma walikuwa wanapanga foleni ya miaka zaidi ya kumi kupata gari aina ya Trabant. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai 1990, Deutsche Bank ilifungua tawi lake Alexanderplatz saa sita kamili, na umati ulikuwa mkubwa kiasi cha watu kubanwa mlangoni.

Sasa itazame asubuhi ya Jumatatu, tarehe 2 Julai, kutoka kwenye meza ya mhasibu wa kiwanda. Miaka ya mwisho ya utawala wa kikomunisti, ili nchi ipate D-Mark moja kwa kuuza bidhaa nje, ilikuwa inatumia kwa wastani mark 4.40 za kwake. Tofauti ilifichwa kwenye vitabu vya serikali. Mashine iliyouzwa Magharibi kwa D-Mark 1,000 ilikuwa imegharimu mark 4,400 kuitengeneza. Usiku mmoja gharama hizo, hasa mishahara, zikageuka D-Mark, na bei ya mashine ikabaki ileile 1,000. Toa kidogo kwa sababu baadhi ya malighafi zilishuka bei. Bado hesabu haifungi. Hakuna kiwanda duniani kinachoweza kuamka asubuhi kikakuta gharama zake zimepanda mara tatu au nne dhidi ya washindani, kikaendelea na kazi. Peleka jambo hilo Japani au Uswisi, matokeo ni yaleyale.

Soko la ndani nalo liliondoka siku hiyohiyo. Maduka yalikuwa yamefagia bidhaa za Mashariki rafuni na kupanga za Magharibi, na wateja wenyewe walizitaka hizo. Wakulima walikosa pa kupeleka maziwa na mayai yao wakaandamana. Ndipo tarehe 1 Januari 1991 biashara na Umoja wa Kisovyeti na washirika wake ikahamia kwenye fedha za kigeni, na wateja hao wakubwa hawakuwa nazo. Kufikia 1991 uzalishaji wa viwandani upande wa Mashariki ulikuwa umebaki kama theluthi moja ya ule wa 1989. Ni nadra eneo la Ulaya kuanguka kwa kasi hiyo wakati wa amani.

Je, Kohl alikosea? Wachumi wengi wa wakati ule walisema amekosea, na kwa hesabu tupu walikuwa sahihi. Mimi nadhani hakuwa na njia nyingine kuhusu sarafu yenyewe. Mpaka ulikuwa wazi, lugha ni moja, uraia ni mmoja. Ukimlipa fundi wa Chemnitz robo ya mshahara wa fundi wa Nuremberg, naye anaweza kupanda treni Ijumaa, utabaki na kiwanda kisicho na fundi. Makosa yaliyoweza kuepukika yalikuja baada ya hapo.

La kwanza ni mishahara. Wakati wa kubadilisha fedha, mshahara wa Mashariki ulikuwa kama theluthi moja ya ule wa Magharibi, na tija ya mfanyakazi ilikuwa karibu hapohapo, kwa sababu ya mashine na mipangilio ya kazi. Mapema 1991 vyama vya wafanyakazi na vya waajiri katika sekta ya vyuma vikakubaliana kwamba mishahara ilingane na ya Magharibi ifikapo 1994. Angalia waliokaa mezani: vyama viliongozwa kutoka Magharibi, na waajiri wa kweli wa Mashariki walikuwa bado hawajapatikana, maana viwanda vilikuwa mali ya umma vikingoja kuuzwa. Kampuni ya Magharibi haikuwa na haja ya mshindani wa bei rahisi saa mbili kutoka getini kwake. Chama cha wafanyakazi cha Magharibi vilevile. Mwaka 1993 waajiri wakauvunja mkataba huo, mgomo ukafuata, lakini viwanda vingi vilikuwa vimeshafungwa.

La pili ndilo wanalolisema wazee wako: Treuhandanstalt, taasisi iliyokabidhiwa mali yote ya viwanda vya serikali. Ilianzishwa Machi 1990, kabla ya muungano, na serikali ya Mashariki yenyewe, jambo ambalo wengi wamelisahau. Kisha sheria ya Juni ikaibadilisha kuwa chombo cha kubinafsisha. Ilikabidhiwa kampuni kama 8,500 zenye wafanyakazi karibu milioni 4, mauzo makubwa mno kwa muda mfupi hivyo. Mkuu wake, Detlev Rohwedder, alikadiria kwamba mali yote ingefikia D-Mark bilioni 600. Tarehe 1 Aprili 1991 aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Düsseldorf. Kundi la kigaidi la Red Army Faction lilidai kuhusika. Birgit Breuel akachukua nafasi yake na kuongeza kasi ya kuuza. Taasisi ilipofunga milango mwisho wa 1994, badala ya faida iliacha hasara ya zaidi ya D-Mark bilioni 250. Kampuni nyingi ziliuzwa kwa D-Mark moja, kwa sharti la kuwekeza na kubakiza wafanyakazi. Masharti mengine yalifuatiliwa, mengine hayakufuatiliwa, na katika ofisi ya Halle kulikuwa na ufisadi uliofika mahakamani.

Watanzania walioona mashirika ya umma yakiuzwa miaka hiyohiyo ya 1990 hawahitaji kuelezwa hisia zake. Ila Ujerumani Mashariki kulikuwa na tofauti moja nzito. Wenyeji hawakuwa na mtaji: mwenye 16,000 benki hanunui kiwanda. Mali ikaenda kwa aliyekuwa na fedha na mikopo, naye alikuwa wa Magharibi. Inakadiriwa kwamba Wajerumani wa Mashariki waliambulia asilimia 5 hivi tu, na zaidi ya asilimia 80 ikaenda kwa wenzao wa Magharibi. Kisheria huwezi kuuita wizi. Lakini ukimwambia mtu aliyefanya kazi miaka thelathini kwenye "mali ya wananchi" kwamba mali hiyo imeuzwa kwa fedha ambazo yeye hakuweza kuwa nazo, usishangae akitumia neno kali.

Nikupe mfano wa karibu nawe. Kusini mwa Chemnitz, kwenye milima ya Erzgebirge, kuna kijiji kiitwacho Scharfenstein. Pale palikuwa na kiwanda cha friji, dkk, kilichouza hata Magharibi kwa jina la chapa ya duka la huko. Mwaka 1992 Treuhand iliamua kukifunga. Wakati huohuo dunia ilikuwa inatafuta namna ya kuachana na gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, na kampuni kubwa za Magharibi zilikuwa zimechagua gesi nyingine ya kemikali. Mafundi wa Scharfenstein, kwa kushirikiana na Greenpeace, wakaunda friji inayotumia mchanganyiko wa propani na butani, jamaa wa gesi tunayopikia. Kampuni za Magharibi zikawaonya wenye maduka kwamba friji hiyo inaweza kulipuka. Greenpeace ikapiga kampeni, oda zikamiminika kwa maelfu, Treuhand ikarudi nyuma, na mwaka 1993 friji hizo zikaanza kutoka kiwandani kwa jina la Foron. Muda mfupi baadaye washindani waliokuwa wanaonya wakaanza kutumia gesi hizohizo. Foron, isiyo na mtaji wala mtandao wa mauzo, ikafilisika mwaka 1996. Fungua friji ya bwenini kwenu usome kibandiko cha nyuma. Ukikuta R600a, hiyo ni isobutani, na njia ilifunguliwa na watu wa kijiji hicho.

Mfano huo unamsuta mkufunzi wako, lakini usiubebe kwa ujumla. Trabant kwa miaka mingi ilikuwa na injini ya mipigo miwili ambayo haikuwa na mahali pa kwenda, injini ya Volkswagen ikaja imechelewa, na ilipotoka ya mwisho Zwickau tarehe 30 Aprili 1991 hakuna mnunuzi aliyelia. Kwa upande mwingine kuna Bischofferode, mgodi wa potashi, chumvi ya kutengenezea mbolea, kule Thüringen. Treuhand iliuunganisha na kampuni shindani ya Magharibi, na muungano huo ukaufunga. Wachimbaji waligoma kula kwa majuma kadhaa mwaka 1993, nchi nzima ikiwatazama, na mwisho wa mwaka mgodi ukafungwa hivyohivyo. Mkataba wenyewe ulibaki siri kwa takriban miaka ishirini. Hapo wazee wana haki ya kukasirika, na mimi nipo upande wao.

Ukitaka kupima hadithi ya mzee mmojammoja, muulize kiwanda chake kilifungwa mwaka gani na kilikuwa kinamuuzia nani. Kilichoanguka kati ya katikati ya 1990 na 1991, kikiwa kinamtegemea mteja wa Moscow, karibu hakika kiliuawa na sarafu. Kilichohimili mpaka 1992 au 1993 ndipo kikauzwa na kufungwa na mnunuzi, hicho tafuta mkataba wa mauzo.

Kulikuwa pia na tatizo la nyumba na viwanja. Serikali ilichagua kanuni ya kumrudishia mali mwenyewe wa zamani kwanza, fidia baadaye. Madai yakazidi milioni 2. Mwekezaji alifika na fedha mkononi akaambiwa kiwanja kina kesi ya familia iliyokimbia mwaka 1953. Kwa miaka kadhaa hati zilikwama, na miaka hiyo ndiyo iliyokuwa muhimu.

Zaidi ya ajira milioni 3 zilipotea katika miaka michache. Takwimu za ukosefu wa kazi hazikuonyesha yote, kwa kuwa wengi walistaafishwa mapema, wengine wakapelekwa kozi, na mwaka 1991 karibu milioni 2 walikuwa kwenye utaratibu wa saa pungufu, baadhi yao saa sifuri: umeajiriwa, unalipwa, hakuna kazi. Waliokuwa na miaka 50 mwaka huo wengi hawakuingia tena kiwandani maisha yao yote.

Basi tuje kwa mkufunzi wako: nani alilipa? Magharibi ililipa, na ililipa sana. Makadirio ya fedha zilizovuka kwenda Mashariki kwa miongo mitatu yanazunguka kati ya euro trilioni moja na nusu na mbili. Hata hivyo sehemu kubwa haikuwa viwanda wala barabara. Ilikuwa pensheni, malipo ya wasio na kazi na huduma za jamii, haki ambazo raia yeyote wa Ujerumani angezipata. Wastaafu wa Mashariki, hasa wanawake waliofanya kazi maisha yao yote, ndio walionufaika mapema kuliko wote.

Namna ya kukusanya fedha hizo ndiyo iliyoharibu mambo. Kohl aliahidi uchaguzini kwamba kodi hazitapanda. Akakopa, kisha Julai 1991 akaleta tozo ya mshikamano ya asilimia 7.5 juu ya kodi ya mapato, kwa mwaka mmoja. Ikarudishwa 1995, ikapunguzwa hadi asilimia 5.5 mwaka 1998, na walipaji walio wengi walisamehewa mwaka 2021 tu. Ilikatwa pande zote mbili: mfanyakazi wa Chemnitz naye aliilipa, ingawa wengi Magharibi hawalijui hilo. Mzigo mzito zaidi ukafichwa kwenye makato ya hifadhi ya jamii. Mchango wa bima ya ukosefu wa ajira uliruka kutoka asilimia 4.3 ya mshahara hadi 6.8 mwaka 1991. Makato hayo hayawagusi watumishi wa serikali wa kudumu wala waliojiajiri. Kwa maneno mengine, muungano ulilipiwa kwa kuifanya ajira ya kawaida kuwa ghali, tena wakati ambapo ajira ndiyo iliyotafutwa. Ujerumani ikaingia miaka ya 2000 ikiwa na uchumi unaokokota miguu, na mapema 2005 wasio na kazi walipita milioni 5.

Majirani nao walilipa bila kuulizwa. Matumizi yalipopandisha bei, benki kuu ilipandisha riba mpaka asilimia 8.75 mwezi Julai 1992, na nchi zilizofunga sarafu zao kwenye D-Mark zikalazimika kufuata wakati uchumi wao ulikuwa unataka kinyume. Septemba hiyo Uingereza na Italia zikajitoa kwenye mfumo wa pamoja wa kufungamanisha sarafu za Ulaya.

Sasa Stuttgart. Leo pato kwa kila mtu upande wa Mashariki, bila kuhesabu Berlin, ni zaidi kidogo ya asilimia 70 ya la Magharibi. Mwaka 1991 halikufika nusu. Kwa kipimo cha dunia huo ni mwendo mzuri. Kinachozuia pengo lililobaki lisizibike si barabara wala shule, ni makao makuu ya kampuni, na hapo historia inaanza kabla ya 1990. Zitazame pete nne za gari la Audi. Kila pete ni kampuni moja, na zote nne zilikuwa za Saksonia: Audi na Horch za Zwickau, DKW ya Zschopau, Wanderer ya Chemnitz. Muungano wao, Auto Union, ulikuwa na makao makuu katika mji huohuo unaoishi. Baada ya vita Wasovyeti walifungua mashine na kuzisafirisha kama fidia, wakang'oa hata reli za pili, na Auto Union ikaanza upya Ingolstadt, Bavaria. Siemens ikatoka Berlin kwenda Munich. Waliohama miaka ya 1940 hawakuwa na sababu ya kurudi 1990. Walirudi na matawi tu. Volkswagen ina kiwanda kikubwa Zwickau, lakini uamuzi wa gari gani litengenezwe hapo hufanywa Wolfsburg, na makubaliano ya Desemba 2024 yaliipunguzia Zwickau modeli. Stuttgart ina Bosch, Mercedes-Benz na Porsche, pamoja na maabara zao, mawakili wao na wahasibu wao. Mishahara minono hukaa yalipo makao makuu. Dresden imejaribu kuvunja utaratibu huo kwa viwanda vya chipu na imefanikiwa kiasi, ingawa nako wenye kampuni wengi wako mbali.

Na kuna watu. Walioondoka walikuwa vijana, wasichana zaidi ya wavulana. Watoto waliozaliwa kwa mwaka walipungua kutoka kama 199,000 mwaka 1989 hadi chini ya 80,000 mwaka 1994, kwa sababu watu wasiojua watakula wapi kesho huahirisha watoto. Maghorofa ya kuta za zege, ndugu wa yale ambayo nchi hiyohiyo iliwajengea Wazanzibari Kikwajuni, yakabaki matupu, na tangu 2002 serikali imebomoa nyumba kama laki 3 za namna hiyo. Watoto wasiozaliwa 1994 wangekuwa sasa wauguzi wenye uzoefu wa miaka kumi. Nafasi yako ya mafunzo imetokana na hilo.

Huenda pia unawaza kama uhamie Stuttgart. Hesabu mwenyewe kinachobaki mfukoni baada ya pango, usitazame mshahara mtupu. Chemnitz ni kati ya miji mikubwa yenye pango la chini kabisa Ujerumani, Stuttgart ni kati ya ile ya juu. Kima cha chini cha mshahara katika utunzaji wa wazee ni kimoja pande zote tangu 2021, na pointi ya pensheni, kipimo cha kukokotolea pensheni yako, imekuwa na thamani sawa pande zote tangu Julai 2023. Ukipata mtoto, utaona pia kwamba Saksonia nafasi za kulea watoto wadogo zinapatikana kwa urahisi kuliko Baden-Württemberg, jambo lililorithiwa kutoka nchi ile ya zamani. Kinachoweza kukuvuta Stuttgart ni ngazi ya kupanda: hospitali kubwa, vyeti vya ubingwa, waajiri wengi wanaokugombania. Maliza mafunzo kwanza, kisha omba ofa mbili zilizoandikwa, moja ya huku na moja ya kule, uziweke mezani pamoja na bei ya chumba.